Sentensi Ambayo Hakuiandika

Hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, ukimuuliza mtu wa umri wangu kuhusu tamthilia ya mwalimu wetu, hatakuambia inaanza vipi wala inaishia wapi. Atakutajia sentensi moja: “Maji yakinifika shingoni, nitasimama juu ya migongo yenu.” Nimewahi kuiona imeandikwa kwa rangi nyeupe nyuma ya pikipiki ya teksi. Nimeisikia sokoni, mama mmoja akimwambia mkusanya ushuru, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ni sentensi nzuri. Ina tatizo moja, na tatizo hilo nitalieleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa sekondari, enzi ambazo chama kilikuwa kimoja na picha ya Rais ilikuwa juu ya kila ubao. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliandika tamthilia kwa Kiswahili, jambo ambalo wakubwa wa shule waliliona kama mchezo wa watoto. Ilikuwa habari ya mwami, mtawala wa jadi, anayekaa kando ya ziwa. Ziwa linapanda. Watu wanahama na mbuzi na vyungu vyao, lakini yeye hainuki kwenye kiti chake, kwa sababu aliambiwa utotoni kwamba mwami akiinuka mbele ya maji, maji yatamzoea. Anakaa, anaulizauliza, anaogopa. Ni hayo tu. Mimi nilikuwa mke wa mwami.

Lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana wachezaji wa siku hizi wanaotumiana maandishi kwa simu hawawezi kukisia. Maandishi kamili yalikuwa nakala moja. Kila mchezaji alinakili sehemu yake peke yake katika daftari, na kabla ya kila jibu lake aliandika maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, ili ajue wakati wa kufungua mdomo. Ukisikia maneno yale, unajibu. Yaliyosemwa kabla yake hayakuhusu. Mtu mmoja tu alikuwa na tamthilia nzima: sufleri, yule anayekaa nyuma ya pazia na karatasi zote mkononi ili amnong'oneze anayesahau.

Sufleri wetu alikuwa karani wa shule. Tena alikuwa mtani wa mwalimu. Ukoo wa mmoja na ukoo wa mwingine wana utani tangu mababu: wanatukanana hadharani, wananyang'anyana chakula, mmoja akifiwa mwenzake anakuja msibani kumcheka marehemu, na haifai kukasirika. Anayekasirika analeta kuku kama faini. Mimi nilikua nikiwaona wawili hawa wakisalimiana kila asubuhi mbele ya darasa.

“Weye, kichwa kama kibuyu! Bado hujakufa?”

“Nangoja kwanza nikuzike, nipate kucheka vizuri.”

Tulipenda sana kuwasikia.

Wiki moja kabla ya onyesho, alikuja mtu wa chama, mgeni wa mbali kabisa, aliyekijua Kiswahili cha kuombea maji tu. Walimkaribisha kwa bia. Akauliza tamthilia inasema nini. Karani, aliyekuwa amekunywa naye, akaanza kumtania mwalimu mbele yake, kama alivyofanya kila siku, safari hii akichanganya na Kifaransa ili mgeni aelewe: huyu rafiki yangu ni muntu mubaya, anamtukana mkubwa wa nchi, katika tamthilia yake mwami anasema, maji yakinifika shingoni nitasimama juu ya migongo yenu! Alibuni palepale. Walimu waliokuwa mezani walicheka, mwalimu mwenyewe alicheka, akamwambia kwamba hajui hata kudanganya. Mgeni hakucheka. Alitoa kalamu mfukoni. Kwao hakukuwa na watani, na hakuna hata mmoja mezani aliyewaza kwamba kuna mahali watu wanaishi bila watani.

Mwalimu alichukuliwa na askari kesho yake, saa ya pili ya masomo, chaki mkononi. Tamthilia ikapigwa marufuku. Madaftari yetu yalikusanywa na kuchomwa nyuma ya vyoo, na nakala ya sufleri ikawekwa juu kabisa. Langu lilisalia kwa sababu nilikuwa nyumbani na malaria, nimelala juu yake.

Mwalimu alirudi baada ya miezi tisa. Mguu wake wa kushoto haukukunjika tena, na kucha za mkono wa kulia ziliota vibaya. Walimpiga mpaka akatia sahihi kwamba sentensi ile ni yake. Mke wake alikuwa ameshaenda kwao Moba na binti yao mdogo. Mtoto alirudi kwa baba akiwa mkubwa, mke hakurudi. Kufundisha alikatazwa. Na mtani wake alikuja kumwona siku ya kwanza, akasimama mlangoni, akasema, “Weye, kibuyu, bado hujakufa?” Angeweza kusema nini kingine? Na mwalimu, kwa desturi, hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Alijibu kama anavyojibiwa mtani. Walikaa hivyo miaka yote, hakuna kuku, hakuna samahani.

Utawala ule ulipoanguka, sentensi ilitoka nje na kuanza kutembea yenyewe. Watu walijua kwamba mtu wao alivunjwa mguu kwa ajili yake. Walimsimamisha barabarani kumshika mkono. Mwanzoni alikanusha, wakamwambia asiogope, wale wameshaondoka. Mwisho akanyamaza. Na mimi, nilipokuwa mwalimu, niliwaambia wanafunzi wangu mwaka hadi mwaka: nilikuwa mke wa mwami katika tamthilia ile, yenye sentensi ile. Walinisikiliza kwa heshima. Sikuwaongezea mengine.

Mwaka juzi binti yake alikuja kwangu. Baba yake alikuwa amepata kiharusi. Mkono umekufa, maneno yanamtoka moja moja, na kumbukumbu ina matundu.

“Mama,” aliniambia, “Papa anataka aione mara moja tu. Lakini ile yake, bila ile sentensi. Siku zingine anasema haiko yake. Siku zingine analia, anasema labda njo yake, ni yake kweli, sababu aliweka sahihi. Hajijui tena. Anataka kusikia namna aliandika, apate kupumzika.”

Nilimkumbatia. Nilimwambia baba yake ataisikia kama alivyoiandika. Niliahidi kwa moyo mweupe, na nilikuwa na sababu ya kujiamini: nimewafundisha watoto wagumu kusoma, sishindwi na kikundi cha watu wazima wanaojua kuimba kwaya.

Tulikusanyika uani kwa mwalimu kila Jumamosi asubuhi. Wachezaji wa zamani tuliobaki tulikuwa watatu, mimi na wawili waliokuwa na maneno machache ya mwanzo tu, na aliyekuwa mwami alishakufa. Nafasi yake alichukua karani wa bandari, mtu mnene mwenye sauti ya besi katika kwaya ya parokia. Maandishi hayakuwepo, kwa hiyo tulimhitaji yule yule aliyeyasoma yote nyuma ya pazia. Mtani alikuja na fimbo yake, akakaa karibu na kiti cha mwalimu, akafumba macho. Akaanza kuisema tamthilia yote tangu mwanzo, kila mtu na sauti yake, bila kukwama. Alikuwa hajasahau hata pumzi.

“Nilijirudilia kila Jumapili,” alisema tulipomshangaa. “Kanisani. Wenzangu walidhani ninasali.”

“Unasali weye?” mwalimu alisema kwa shida, neno baada ya neno. “Mungu… angefunga… masikio.”

Tulicheka sote. Mimi niliandika. Kazi ilikwenda Jumamosi nne kwa furaha, mwalimu akiinua kidole kila kitu kilipokuwa sawa, na kidole kiliinuka karibu kila mara. Mpaka tukafika mahali ambapo maji yameingia uani kwa mwami. Mtani akasema: Mwami anauliza, maji yamefika wapi? Mke anajibu, mlangoni, Mwami. Mwami anasema, basi fungeni mlango.

Akafumbua macho, akaningoja niandike.

“Na ile sentensi?” aliuliza karani wa bandari. “Njo pale inaingia, si hivyo?”

“Haingii,” mtani alisema. “Ni mimi niliisema, kwenye meza, ya kumucheka huyu. Hakuna mahali inaingia.”

Karani wa bandari akapiga magoti yake kwa kicheko. “Papa, utani yenu haitaisha! Sasa unataka kumunyang'anya hata sentensi!”

Wote walicheka tena, na mtani alitutazama mmoja mmoja, mdomo wazi. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mtani muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. “Yako?” alimuuliza mtani bila kumwangalia. “Au… yangu?” Ni hapo nilipoelewa kwamba hata akisikia kutoka kinywa cha aliyeibuni, hawezi kuamini. Mtani anaruhusiwa kudanganya. Maneno yake hayana uzito wa ushahidi.

Nilikwenda nyumbani kwa marehemu mama yangu, nikafungua sanduku la nguo zake, nikalipata daftari langu. Panya walikuwa wamekula pembe moja. Mwandiko wangu wa miaka kumi na saba ulikuwa mkubwa na wa kujitahidi. Maneno ya kunitangulia: “…basi fungeni mlango.” Jibu langu: “Tumefunga, Mwami. Yanapita chini.” Katikati hakuna kitu. Kama sentensi ile ingekuwepo, maneno ya kunitangulia yangekuwa “migongo yenu”. Mtoto yeyote wa darasa la nne angeelewa. Nilikaa kitandani kwa mama nikiwa nimelishika jibu la swali la mtu mzee mkononi, limeandikwa kwa wino, na njia ya kwenda kwake ni dakika ishirini kwa mguu.

Ningependa kusema nilizuiwa na biro ya utamaduni, ofisi ya serikali inayoruhusu maonyesho, maana ni kweli kwamba wiki hiyo hiyo tulikwenda kuomba ruhusa. Mkubwa wa pale, kijana aliyevaa vizuri, alisoma maandishi yetu mpaka mwisho, akarudi nyuma, akatafuta ukurasa kwa ukurasa.

“Sentensi iko wapi?”

Nilimweleza kwamba mwandishi hataki iwepo.

“Mama, enzi zile walikataza tamthilia sababu ya sentensi. Leo tunatoa ruhusa sababu ya sentensi. Ukiitoa, mimi niwaalike wakubwa waje kutazama nini? Mutu anafunga mlango?”

Akasukuma karatasi kwangu bila mhuri. Lakini nitasema ukweli. Nilipokuwa nikitoka pale sikuwa na hasira. Nilikuwa nimepata nafuu. Alikuwa amesema nililokuwa nikiwaza tangu Jumamosi: tamthilia ya mwalimu wetu ni ya polepole, ni ya mzee mwoga na mke wake, na watu wangeanza kupiga miayo. Na wangeniuliza mimi, wanafunzi wa kila darasa nililofundisha: Mama, ile uliyotuambia iko wapi?

Niliirudisha sentensi kwa mkono wangu. Mhuri ukapigwa. Daftari nililiacha chini ya vitenge vya mama, nikafunga sanduku.

Kwa mwalimu nilikwenda kumwambia kwamba sentensi imetolewa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mguu wake usiokunjika, nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto anayeogopa hesabu, kwamba mambo yote yako sawa, ataisikia tamthilia yake, avae shati lake jeupe. Aliinua kidole.

Onyesho lilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili, katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani. Wengi walikuwa wale waliohamishwa na ziwa katika mitaa ya chini, ambao nyumba zao sasa zinakaliwa na samaki, na nilijua sentensi ile itawaingia. Mwalimu aliketishwa mbele kabisa, mtani kushoto kwake, binti yake kulia. Mimi, mwenye mvi, nilikuwa tena mke wa mwami.

Sehemu ya kwanza walikaa kimya, wengine wakakohoa. Kisha karani wa bandari, akiwa kwenye kiti, akauliza maji yamefika wapi. Nikamjibu. Akasema, basi fungeni mlango. Ningeweza kujibu haraka, nimzibe mdomo kwa jibu langu la zamani. Nilingoja. Nilimwachia nafasi.

“Maji yakinifika shingoni…” alisema, na hakuhitaji kumaliza. Ukumbi mzima ulisimama na kusema naye: “…nitasimama juu ya migongo yenu!” Wakapiga miguu. Wakapiga vigelegele. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto wake juu ili aone.

Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa. Alitikisa polepole, upande huu na upande huu, na waliokuwa nyuma yake walidhani amezidiwa na furaha, wakamshika mabega. Hapo mtani akasimama kwa fimbo yake, akawageukia watu.

“Acheni!” alipaza sauti. “Ni mimi! Ile sentensi ni yangu! Nilimusingizia! Muguu yake ilivunjika sababu yangu!”

Watu waligeuka kumtazama. Kisha mtu wa nyuma akaita, “Huyu si mtani wake?” na kicheko kikaanza kule nyuma kikaja mbele. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Wengine walimtukana kwa upendo, kama desturi inavyotaka: mwizi, unataka kumwibia mgonjwa, leta kuku! Mtani alikuwa akilia waziwazi, kamasi zikimtoka, na kadiri alivyolia ndivyo walivyomsifu kwamba mzee yule anajua kuigiza kuliko sisi wa jukwaani.

Mshereheshaji hakungoja tumalize. Alimpandisha mwalimu jukwaani, watu wawili wakimbeba kwa makwapa, akampa cheti chenye fremu na kumwekea kipaza sauti mdomoni. Mwalimu alichukua muda.

“Haiko… yangu,” alisema.

Makofi. “Mnamsikia?” mshereheshaji alisema. “Namna anajishusha! Njo ukubwa huo!”

“Haiko… yangu. Sikuandika.”

Sasa watu walitazamana. Mshereheshaji alicheka kidogo, akanigeukia mimi niliyekuwa hatua mbili nyuma, na vitenge vyangu vya mke wa mwami. “Mama, weye ulikuwa ndani tangu zamani. Tuambie. Ni yake ao haiko yake?”

Mwalimu alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nilipoinua mkono, akiwa na hakika kwamba ninajua jibu.

Nilichukua kipaza sauti. Sauti yangu ilitoka vizuri, yenye upole, sauti ile ile iliyotuliza madarasa. Niliwaambia, “Papa amechoka. Ugonjwa unamsahaulisha. Ni yake. Mimi nilikuwepo.”

Ukumbi uliitikia kwa “aah” ndefu ya huruma, huruma mbaya kuliko kicheko. Mama mmoja wa mbele alisema kwa sauti, “Maskini, akili imeenda.” Walimshusha. Tulimaliza tamthilia, sijui vipi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwake. Nilijipa moyo njiani kwamba atanifukuza, na kwamba akinifukuza nitamwambia yote, hata la daftari. Nilikuwa nimepanga na maneno. Binti yake alinipokea vizuri. Alinishukuru kwa onyesho. Aliniambia mtani hajafika leo, amelala kwake, hataki kula, watoto wake wanasema anaaibika kwa utani wake uliovuka mpaka.

Mwalimu alikuwa kitini, amenyolewa ndevu, cheti kimeegemezwa ukutani mbele yake. Aliniona, akaonyesha kigoda. Nilikaa. Nilingoja aseme.

“Weye,” alisema, “ulikuwa… mwanafunzi… muzuri.”

“Mwalimu…”

“Hukudanganya. Hata… siku moja.” Alipumzika. Alikuwa akitafuta maneno yanayofuata, na mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilimngoja bila kumharakisha. “Kama weye… umesema… basi niliandika.”

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa, mtu angeweza kupita na mkokoteni. Binti yake alikuwa akipepeta mchele mlangoni, kuku walikuwa wakidonoa karibu na miguu yake, na mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo wangu haukufunguka.

“Nimeisahau,” alisema. “Yote. Watu wataniuliza. Niambie… namna inasema.”

“Papa, pumzika kwanza.”

“Hapana. Niambie. Polepole.”

Nikamwambia. Nilianza na kipande cha kwanza peke yake, maji yakinifika shingoni, nikamngoja akirudie. Alikosea. Nikamsahihisha kwa upole, nikamwambia anaendelea vizuri. Alikirudia. Tukaingia kipande cha pili. Neno “migongo” lilimsumbua, ulimi ulikuwa mzito, nikalikata vipande vitatu ili alimeze kidogo kidogo. Alitoka jasho. Binti yake aliacha mchele akaja kusimama nyuma yake, akitabasamu, akiona baba yake anajifunza tena.

Mara ya tano aliisema yote bila msaada, akanitazama kujua kama ni sawa. Niliinua kidole.